Nani Analinywesha Zege?

Tone. Kimya. Kisha tone jingine, ndani ya beseni.

Inspekta alifungua macho gizani akasikiliza. Mfereji wa bafuni haukuwa ukivuja, ulitengenezwa juzi tu. Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chumba, pale alipoitundika suruali yake ya kazi baada ya kuifua kwa ajili ya doa la kijivu kwenye goti.

Tone.

Akaketi wima kitandani kama aliyechomwa sindano.

"Kuna nini tena?" mumewe aliuliza kwa sauti nzito ya usingizi.

"Goti langu lililowa."

"Eti?"

"Jana, kule kwenye ujenzi wa wodi. Nilipiga goti juu ya gunia, nikainuka goti limelowa chepechepe."

"Mke wangu, watu wakiamka alfajiri huamka na ndoto. Wewe unaamka na goti."

"Baba Mtoto, nisikilize. Kazi pale tumeisimamisha. Hakuna fundi anayeruhusiwa kuingia. Mvua tumeisahau, jua linakausha hata mate mdomoni. Sasa hilo gunia limeloweshwa na nani?"

Mumewe akajigeuza. Akaguna, akavuta shuka.

"Nenda," alisema. "Mtoto nitamwandaa mimi. Ila niambie soksi zake ziko wapi."

"Droo ya chini. Mguu mmoja mmoja, utazioanisha mwenyewe."

Alivaa suruali nyingine huku akipiga simu. Simu ya kwanza alimpigia koplo wake. Ya pili alimpigia mama mmoja mhandisi, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Bibi Timazi.

*

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia na ngumu kuimeza. Nyuma ya hospitali palikuwa panajengwa wodi mpya ya wazazi. Jengo lilishapauliwa, limebaki plasta na sakafu. Mashine mbili za hewa kwa ajili ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, zilikuwa zimefika mapema, na kwa kuwa wodi ya zamani haikuwa na nafasi hata ya kuweka ndoo, zikahifadhiwa katika stoo ya ujenzi. Asubuhi moja stoo ikafunguliwa. Kufuli zima, mlango mzima, dirisha hakuna, na mashine hazipo.

Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa kwa mlinzi wa usiku. Mzee wa watu alipoulizwa alisema ukweli uliomfunga: "Ufunguo huu nalala nao shingoni." Basi wakamweka mahabusu, yeye na shingo yake.

Katika wodi ya zamani watoto njiti walikuwa wakipumulia mashine ya kuazima kutoka hospitali nyingine. Wenyewe walikuwa wanaitaka. Gari lingekuja kuichukua leo hii, mchana. Sista mkuu wa wodi alikuwa amemshika Inspekta mkono jana, akamwambia bila kupepesa macho, "Mwanangu, mimi sitaki mwizi. Mwizi chukua wewe. Mimi nipe mashine."

*

Kulipopambazuka walikuwa watatu nyuma ya wodi mpya. Inspekta, ambaye kituoni walimwita Mama Kwanini, kwa siri waliyodhani haijui. Koplo, kijana mrefu aliyependa kula huku akitembea. Na Bibi Timazi, mhandisi aliyechora jengo lile, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mkoba ambao ndani yake hakukosi timazi, kile kipande cha shaba kinachoning'inizwa kwenye kamba kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umelewa.

"Shikamoo, mama. Samahani kukuamsha."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kuna goti. Liko wapi?"

Inspekta aliwaongoza hadi pembeni mwa uzio, karibu na lundo la mchanga. Chini palikuwa na mraba wa zege umefunikwa gunia. Alilishika gunia kwa kiganja, akalibonyeza. Maji yakamtoka katikati ya vidole.

"Leo hii hii," alinong'ona.

"Huenda ni umande, afande," Koplo alisema, mdomo umejaa mkate.

"Umande umelichagua gunia hili, ukaukwepa mchanga ulio hapa pembeni?"

Koplo aliuangalia mchanga. Ulikuwa mkavu kama unga. Akameza.

"Siku ya upekuzi mlipaangalia hapa?"

"Tulifungua mashimo yote ya maji machafu, afande. Yote yenye vishikio. Hapa..." Koplo alikuna shingo. "Hapa tuliambiwa tusikanyage. Zege bichi. Tukazunguka."

"Mkazunguka."

"Afande, hata wewe ungezunguka. Nani anakanyaga zege bichi? Mama yangu angenifufukia."

Bibi Timazi alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha akaliondoa gunia taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala, na kicheko kikamkauka. Zege lililokuwa chini yake lilikuwa laini, limenyooka, bila alama ya mwiko wala tundu la sindano. Mwanga wa asubuhi uliteleza juu yake.

"Mama, nifundishe," Inspekta alisema. "Zege likishamwagwa si linakauka lenyewe? Kwa nini mtu alimwagie maji?"

"Kwanini imeanza," Koplo alimwambia mkate wake.

"Hapo ndipo watu wengi wanapokosea," alisema Bibi Timazi, na ilionekana wazi kuwa somo hili analipenda. "Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Halikauki kama nguo kwenye kamba. Linakomaa. Saruji inayanywa maji yale ili ishikane na wenzake, na kiu yake haiishi siku moja. Ukilimwaga leo ukaliacha juani, linajikunja, linapasuka, ukilikwaruza linatoa unga. Kwa hiyo unalifunika gunia, unalimwagia asubuhi na jioni. Vitabuni tunaita kukomaza. Mafundi wanasema kulinywesha. Ni kama mzazi na mtoto mchanga, huwezi kujifungua ukaenda zako sokoni."

"Basi mtu huyu anaruka uzio wa polisi asubuhi na jioni kuja kunywesha zege."

"Ndiyo maana yake."

"Nani aliagiza limwagwe?"

Bibi Timazi aliinua uso. "Si wewe uliyeniita kwa ajili ya hilo? Mimi siku ya mwisho nilipokuja hapa palikuwa na mchanga mtupu. Nilipoona gunia jana kwa mbali, nikipita barabarani, nilidhani msimamizi amepata sababu yake."

Inspekta alizunguka mraba ule mara moja, akachuchumaa upande wa pili.

"Umbo lake ni la chemba," alisema. "Sivyo?"

"Ndivyo linavyotaka lionekane."

"Nieleze chemba kama unamweleza mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako ni mkali?"

"Sana."

"Basi nitafupisha. Chemba ni kijumba cha chini ya ardhi. Mabomba ya maji machafu yakikutana, au yakipinda kona, unajenga chemba pale. Bomba likiziba, unainua mfuniko, unaingiza fito, unazibua. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani, kumpa mtu mlango wa kulifikia bomba."

"Mfuniko huu hauna kishikio."

"Mlango usio na kitasa. Tena umezibwa pande zote kwa saruji. Anayeziba chemba hivi, siku choo kikifurika atalia." Akatazama jengo, akatazama mraba, akatazama tena jengo. Midomo yake ilianza kucheza. "Koplo, mwanangu, tupa huo mkate. Kalete ule mpira mrefu mweupe uliokunjwa pale ukutani. Ujaze maji."

Koplo alileta mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Bibi Timazi alimkabidhi ncha moja, akamsimamisha juu ya mraba. Yeye akashika ncha ya pili, akatembea nayo hadi pale bomba la choo lilipotokeza ukutani.

"Hii ndiyo pima maji ya maskini," alipaza sauti. "Maji ndani ya mpira mmoja hayabagui, yatasimama usawa mmoja huku na huko, hata mpira ukipita kwa jirani. Yakitulia, sema yamefika wapi kwako!"

"Yapo kwenye kifundo cha mguu!"

"Kwangu yapo kifuani!"

Wakatazamana, kila mtu na ncha yake. Inspekta akasogea katikati yao.

"Maana yake, mama?"

"Maana yake pale aliposimama Koplo ni juu kuliko choo. Bomba la maji machafu lazima literemke, huo ndio mteremko wake, tunaupima kabla ya kuchimba. Ili maji ya choo hiki yafike kwenye chemba ile ingebidi yapande mlima." Bibi Timazi aliachia mpira, maji yakamwagika miguuni kwake, hakujali. "Maji hayana miguu, Inspekta. Hapo hapana bomba. Hiyo si chemba. Hilo ni shimo lenye mfuniko mzuri!"

Koplo alikuwa ameshashika nyundo kubwa.

"Weka chini," Inspekta alisema.

"Afande! Mashine zipo hapa!"

"Ukilipiga zege hilo bila kujua chini kumekaaje, utampelekea Sista vipande. Na tukivunja sasa, tutapata mashine bila mtu. Watasema mlinzi alifukia mwenyewe, ufunguo shingoni, koleo mkononi." Alitazama upande wa lango. "Niitieni msimamizi wa mafundi. Na mwashi. Waambieni waje kuchukua vifaa vyao."

Simu yake iliita. Alikuwa Sista. "Dereva wao amepiga," sauti ilisema haraka. "Wameshaondoka kule. Hawatangoja mchana."

*

Msimamizi wa mafundi alikuwa mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano ambayo hakuivua hata ndani ya kibanda cha mabati kilichokuwa ofisi yake. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jasho lilikuwa limeshamtangulia.

"Jioni ile, kabla ya wizi kugunduliwa, lori lako lilitoka hapa," Inspekta alianza. "Lilibeba nini?"

"Kifusi."

"Kifusi gani kinafunikwa turubai?"

"Kuzuia vumbi."

"Na dereva wako anasema alishusha nyumbani kwako. Unakusanya kifusi?"

Kofia ilitikisika. Msimamizi alitazama mlango, Koplo alikuwa ameujaza wote.

"Afande, nina watoto."

"Hata mimi. Lori lilibeba nini?"

"Mbao!" Ilimtoka kama kizibo cha chupa. "Mbao chakavu! Zile za kufungia zege likimwagwa, ambazo zikishatumika mara tatu nne hazifai. Zimejaa saruji na misumari, mchwa wenyewe hawazitaki. Nilikuwa najengea banda la kuku. Naapa. Nendeni mkawaulize kuku."

Koplo aligeuka kuficha uso. Juzi yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kulikagua banda lile, na kweli, lilikuwa banda, na kuku walikuwemo.

"Kwa nini uliwazuia askari wangu wasikanyage pale pembeni?"

"Pale? Si zege bichi?" Msimamizi alionekana kushangaa kwa dhati. "Nilifika asubuhi nikakuta limemwagwa na kufunikwa. Nikajua mhandisi kaagiza."

"Hukuuliza?"

"Afande, zege bichi haliulizwi. Linazungukwa."

Inspekta alimtazama kitambo. Kwa kosa hilo moja, kila mtu pale alizunguka. Msimamizi alizunguka kwa heshima ya mhandisi, mhandisi kwa heshima ya msimamizi, na polisi kwa heshima ya viatu vyao. Mtu aliyelijua hilo aliijua kazi ya ujenzi mpaka kwenye uboho.

"Na nyuma ya stoo, chini, kuna saruji mpya kati ya matofali. Ya nini?"

"Ah, ile? Fundi alisema anaziba matundu ya panya."

"Fundi yupi?"

"Kioo. Nani mwingine ana muda wa kuwahangaikia panya?"

*

Fundi Kioo aliitwa hivyo kwa sababu ukuta alioupiga plasta, watu walisema, unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa, kucha safi kupita za mwashi yeyote. Aliingia kwa salamu nzuri.

"Habari za asubuhi, afande. Nimekuja kuchukua mwiko wangu na pima maji yangu."

"Utavipata. Mara ya mwisho kuingia hapa ni lini?"

"Siku mliyotufukuza. Sijarudi tena, hata karibu na uzio."

"Hata kuchungulia?"

"Sina desturi ya kuchungulia."

Koplo alitia neno: "Nyuma ya uzio kuna alama za ndoo chini. Tena bati moja limelegezwa misumari."

"Watoto wa mtaani hao," Kioo alisema. "Wanacheza."

Alijibu kila kitu hivyo, taratibu, bila kona ya kushika. Nje, mbali kidogo, honi ililia upande wa lango la hospitali. Inspekta alisikia, akajizuia asitazame. Akasimama.

"Twende nje mara moja, fundi. Nataka rai yako ya kitaalamu. Nina ugomvi na mhandisi."

Walitembea hadi kwenye mraba. Bibi Timazi alikuwa amesimama pale mikono kiunoni, gunia chini. Inspekta alikuwa ameshamnong'oneza la kusema, na mama wa watu alilipokea jukumu kama aliyelingoja ujana wake wote.

"Tazama aibu hii!" alifoka. "Nani kamwaga takataka hii kwenye jengo langu?"

Kidevu cha Kioo kilipanda kidogo.

"Mimi naona ni zuri, mama," Inspekta alisema kwa upole.

"Zuri? Wewe unajua nini! Hii ni kazi ya mtu aliyejifunzia kwenye tope. Kokoto hazikuoshwa. Halijashindiliwa, ndani limejaa hewa kama andazi. Na tazama," aliinama akapitisha ukucha juu ya zege, "ufa! Limeshaanza kupasuka. Hili tangu limwagwe halijaonja hata tone la maji!"

"Pengine fundi alikuwa na haraka."

"Fundi gani? Usilitukane neno fundi! Huyu alimwaga akakimbia. Zege limekufa kwa kiu."

Mshipa ulijitokeza kwenye shingo ya Kioo. Alitazama zege. Alitazama ukucha wa Bibi Timazi.

"Hapo hapana ufa," alisema chinichini.

"Upo!"

"Huo si ufa, mama, ni unywele wa gunia."

"Kijana, nilikuwa nasoma nyufa kabla wewe hujaota meno. Kesho kutwa hili litamomonyoka. Halijanyweshwa hili!"

"HALIJANYWESHWA?" Sauti ilimpasuka. Alipiga goti, akaufuta mraba kwa kiganja, akapuliza, macho yamemtoka. "Tazama! Tazama uso huo! Unaona unga? Gusa! Asubuhi na jioni nimelinywesha! Hata leo kabla ya adhana nimelinywesha! Kokoto nimeziosha kwa mkono wangu, ndoo kwa ndoo! Halafu mtu asimame hapa aniambie..."

Akanyamaza.

Koplo, ambaye kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na kitu mdomoni, alimshika fundi kiwiko kwa adabu, kama anayemsaidia mzee kuvuka.

Inspekta alichuchumaa mbele yake. "Stoo uliijenga wewe."

Kioo alikubali kwa kichwa.

"Ukutani, nyuma."

"Kozi mbili za chini," alisema, macho bado kwenye zege. "Safu mbili za matofali. Niliyapanga bila saruji ndani, nikapaka kidogo nje yaonekane yamefungwa. Yanatoka kama droo. Usiku ule nikayatoa, nikatoa maboksi, nikayarudisha, nikayafunga sawasawa."

"Shimo je?"

"Nilishalichimba na kulijengea. Nani anauliza shimo kwenye ujenzi?"

"Mlikuwa mzitoe lini?"

"Polisi mkishaondoka. Kuna mtu anazitaka. Nitamtaja." Alipangusa uso. "Niliambiwa ni mashine za kupozea vinywaji."

Koplo hakuweza kujizuia. "Wewe mwizi wa namna gani? Unakomaza zege ambalo wiki ijayo utalivunja mwenyewe!"

Kioo alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Zege halijui limemwagwa na mwizi," alisema.

Inspekta alimwambia mashine zile ni za nini. Alimwambia kwa maneno machache, na kwamba gari lililopiga honi limekuja kuchukua ya kuazima. Rangi ikamhama fundi usoni. Akanyoosha mikono yote miwili, si kwa pingu.

"Nipeni tindo na nyundo," alisema. "Msilipige katikati. Chini nimeweka ubao, chini ya ubao ndiyo maboksi, nimeyafunga nailoni. Mtu asiyejua nondo zilipo atazipondaponda mashine. Nipeni. Nitalifungua kwa pembeni."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alimtazama Bibi Timazi. Bibi Timazi alivua miwani, akaifuta.

"Mpe," alisema. "Atalivunja vizuri kuliko sisi. Mungu anisamehe, ni zege safi sana."

*

Fundi aliachwa na pingu mkononi kando ya Bibi Timazi. Inspekta alikimbia mbele, Koplo nyuma amekumbatia boksi moja, msimamizi na kofia yake nyuma zaidi na la pili, akihema kama mvukuto. Katika ukumbi wa wodi ya zamani dereva wa hospitali nyingine alikuwa amesimama na toroli, na Sista amesimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza kwenye miimo yote miwili.

"Mama, mimi nimetumwa," dereva alikuwa akisema. "Nimeambiwa nichukue."

"Na mimi nimetumwa nisitoke hapa."

"Mama..."

"Nipakie mimi kwanza kwenye hilo toroli!"

"Sista!" Inspekta alipiga kelele. "Sista, zimekuja!"

Nailoni ilichanwa kwa meno, kwa kucha, kwa funguo za dereva mwenyewe. Fundi umeme wa hospitali alikuja mbio na tochi mdomoni, akachungulia ndani, akapuliza, akapangusa, akachomeka. Kitu hakikulia. Sista alifumba macho. Fundi umeme akachomoa, akatikisa plagi, akaihamishia tundu jingine la ukutani.

Mashine ikakohoa. Ikavuma.

"Hilo tundu lenu ndilo bovu," fundi umeme alisema, tochi bado mdomoni. "Nililisema mwezi jana."

Sista aliufungua mlango kidogo, akaipokea mashine kama mtu anayetuliwa mzigo, na akaingia nayo. Ya pili ikafuata. Dereva aliegemea toroli lake tupu, akavua kofia. "Sina haraka," aliwaambia. "Nitangoja mpaka muhakikishe."

Inspekta alitoa simu, akapiga kituoni. "Mfungulieni mlinzi," alisema. "Sasa. Mpeni na chai. Na nitumieni watu wawili, kuna jina nimepewa, kuna mnunuzi wa kufuatwa kabla hajasikia." Sauti upande wa pili ilianza kuuliza mambo. "Kwa nini? Leo mimi ndiye siulizwi kwa nini. Fungua mlango."

Alipokata simu alimkuta pembeni yake mama mmoja kijana, kanga amejifunga juu ya gauni la hospitali, miguu peku. Amembeba mtoto wake mkubwa, msichana wa miaka minne hivi, ili aone kupitia kioo. Wote watatu walisimama bega kwa bega wakitazama ndani. Sista alikuwa akihamisha mirija, mmoja baada ya mwingine, kutoka mashine ya kuazima hadi mpya. Alipofika kitanda cha mwisho, mama kijana aliacha kupumua. Kiumbe kilichokuwa pale ndani hakikuzidi mkono wa Inspekta kwa urefu, na kofia ya sufu ilikuwa imekimeza hadi kwenye nyusi.

Mrija ukatoka. Mrija ukaingia. Sista akainama, akasubiri.

Msichana alibandika pua kwenye kioo.

"Mama," alisema kwa sauti, "mdogo wangu anapiga miayo."